Sisi Hatuli Pweza

Baba yangu aliamua kuwa Mmalagasi kamili siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa ameketi juu ya mkeka wa watu, na kilichomponza ni adabu.

Kabla ya hapo hakuwa na haja ya kuamua. Alizaliwa Mahabibo, mtaa wa maduka na misikiti uliobanana katikati ya Mahajanga, bandari ya magharibi mwa Madagaska. Alijifunza kushona hapohapo, akaoa hapohapo, akamzika mama yangu hapohapo nilipokuwa na miaka mitatu. Ngazidja, kisiwa walikotoka wazazi wake, alikisikia kama watu wanavyosikia habari za mjomba tajiri: yupo, ila hajawahi kuleta kitu. Majirani walituita Wakomoro, sisi tukaitika, na mambo yakaenda.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita zikaja zile fujo. Sitazieleza kirefu. Walioziona hawataki kuzisikia, na ambao hawakuziona hawanisadiki. Watu wetu waliuawa mitaani kwa sababu ni Wakomoro, nyumba zikachomwa, na waliosalia wakapakiwa kwenye ndege na meli ili warudi kwao. Wengi wao, kwao kulikuwa Mahabibo. Huko Komoro waliposhushwa nako hawakuitwa Wakomoro. Walipewa jina la shirika la ndege lililowaleta, na mpaka leo wapo watu wazima wenye wajukuu ambao kabila lao ni ndege. Nilipohadithiwa hili mara ya kwanza nilicheka sana, halafu nikaona haya.

Sisi tulikuwa watatu: baba, mimi niliyekuwa na miaka minane, na mama yake baba, niliyemwita Koko kama wajukuu wa Kingazidja wanavyowaita bibi zao. Cherehani iliungua pamoja na nyumba na vyeti vyote. Mteja mmoja wa baba alituficha Boanamary, kijiji kilicho kwenye mlango wa mto, ndani ya stoo ya magunia, kisha akatutafutia nafasi kwenye meli ndogo ya mizigo iliyokuwa inakwenda kisiwa cha Nosy Be, kaskazini. Njiani baba alisema jambo moja tu.

"Mimi sipandishwi ndege. Hapa nilizaliwa, hapa nitazikwa, na nitapata karatasi inayosema hivyo."

Koko alikuwa anatapika ubavuni mwa meli.

Tulifikia Marodoka, kitongoji cha zamani nje kidogo ya Hell-Ville, kwa mjane mmoja aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara Waislamu wa tangu hapo, damu ya Kiarabu, ya Kiafrika na ya Kimalagasi imechanganyika mpaka hakuna aliyejua ipi ni ipi. Alisema Kimalagasi cha kaskazini. Kiswahili cha wazee wake alikuwa nacho kidogo tu, maneno ya sala, ya biashara na ya kumtukania nahodha. Kwetu nako hakikuwa kingi zaidi. Hiki ninachoandikia nimekitafuta mwenyewe ukubwani, kwa redio na vitabu, kama mtu anayekomboa sanduku la bibi yake.

Basi mjane yule akatutandikia mkeka. Tulikuwa tumekula mihogo mikavu siku tatu. Akaleta wali, kisha akaweka katikati bakuli kubwa la pweza wa nazi, tui zito, moshi unapanda. Ni lazima mjue kwamba Koko kwa pweza wa nazi alikuwa hajiwezi. Alipokuwa msichana Ngazidja alimpiga pweza juu ya mawe kwa mikono yake mwenyewe mpaka alainike, na Mahabibo watu walimwita jikoni kwao kwa ajili hiyo tu. Alipoliona lile bakuli, aliiweka sawa kanga yake na kukaa vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Hapo ndipo mjane akauliza, kwa heshima zote, swali ambalo kila mwenyeji mwenye adabu humwuliza mgeni kabla hajala: "Fady yenu nini?" Yaani, mwiko wa ukoo wenu ni upi? Kule kila ukoo una wake. Hawa hawali mbuzi, wale hawali kasa, wengine hawashiki jembe siku fulani, na kila mwiko una babu aliyeuanzisha na sababu yake. Kumlisha mgeni mwiko wake ni kama kumlisha sumu.

Nguruwe hakuhesabika, maana mjane mwenyewe alikuwa hamli. Na kusema hatuna mwiko kulikuwa sawa na kusema hatuna mababu katika nchi hii, yaani sisi ni wageni, tupelekeni kwenye ndege. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Nilimwona akitafuta. Alitazama dari, akatazama mlango, akaitazama mikono yake. Mwishowe macho yakatua katikati ya mkeka, na mdomo ukasema kile kilichoonwa na macho.

"Pweza."

"Astaghfirullah!" mjane akaruka. Akaomba radhi mara saba, akalibeba bakuli, akaenda kulimwaga mbali, akarudi na maji tukanawa upya wote, hata mimi ambaye sikuwa nimegusa kitu. Tukala wali kwa chumvi na pilipili. Koko alilisindikiza lile bakuli kwa macho mpaka mlangoni, na baada ya hapo aliendelea kuutazama mlango.

Tulipobaki chumbani peke yetu, Koko aliongea Kingazidja kwa sauti ya chini, maana nje lugha hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na baba.

"Mbona hukusema popo? Mbona hukusema kunguru?"

"Mama, kunguru nani anamla?"

"Ndiyo maana yake!"

Baba alisema ni kwa muda tu, mpaka apate karatasi. Karatasi ilichukua miaka kumi na miwili.

Mwiko ukishatangazwa unadai historia. Mjane akaanza kuuliza, kwa upole, leo hili, kesho lile. Mababu zenu walifanyiwa nini na pweza? Baba akasema babu wa babu yake alipinduka na mtumbwi, akataka kuchukuliwa na mkondo, pweza akamshika na kumfunga kwenye jiwe kwa mikono yake minane mpaka maji yakapwa. Ilikuwa hadithi fupi na ya heshima. Lakini baba alikuwa fundi cherehani, hawezi kuacha kitambaa bila pindo. Mwaka wa pili pweza alikuwa amemkinga babu na papa. Mwaka wa tatu pweza alikufa kwa uchovu na babu akamvisha sanda. Mimi niliwahi kumuuliza sanda ya pweza inakatwaje, akanijibu kwa uzito wote kwamba inahitaji kitambaa cha upana maradufu.

Marodoka walimpenda kwa hadithi ile. Mtu mwenye mwiko ni mtu mwenye asili, na mwenye asili unaweza kumpa suruali yako akaifupisha. Muuza samaki akipita mlangoni kwetu alimfunika pweza kwa jani la mgomba na kugeuza uso. Siku ya arusi moja tulitengewa chungu chetu, kisichowahi kuguswa na pweza, na watu wakatuonyesha kwa vidole kwa heshima. Koko alikaa kwenye arusi ile akitafuna kuku, na kwenye mkeka wa pili wanawake walikuwa wanachovya mkate kwenye tui. Nilikuwa namwangalia. Pua yake ilikuwa inakwenda kule peke yake.

Mimi sikuwa na uvumilivu wa Koko. Nilipokuwa na miaka kumi niliwakuta wasichana wenzangu ufukweni wanachoma pweza juu ya makuti, nikamegewa mnyiri mmoja, nikaula wote na kulamba vidole. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imefika.

Laiti ningechapwa tu. Mjane alisema hili si la kuchapa. Mvua zilikuwa zimechelewa mwezi mzima, na sasa sababu imejulikana. Mwanamke yule sala tano hazikumpita, na ndani ya kabati lake, kando ya msahafu, alikuwa na bonge la udongo mweupe kwa mambo ya namna hii, wala hakuona tatizo lolote. Alitupanga uani sote watatu akatupaka udongo kwenye paji la uso. Baba alifumbata mikono na kuwaomba radhi mababu wa Marodoka kwa kosa nililomkosea babu ambaye hakuwahi kuwepo. Kisha nikapelekwa baharini, maji ya magoti, nimwombe msamaha pweza mwenyewe kwa sauti ya kusikika. Umati ulikuwa ufukweni. Nikaomba. Pweza hakujibu, ila siku ya tatu mvua ikanyesha, na tangu hapo hapakuwa na mtu Nosy Be nzima aliyetilia shaka ukoo wetu.

Koko ndiye aliyenishika mkono kule majini. Wakati watu wote wanangoja nimalize toba, aliinama kama anayenifuta uso, akaninong'oneza kwa Kingazidja.

"Alikuwa mtamu?"

Nikamwambia ndiyo, mtamu sana. Alifumba macho, akanibana vidole, akasema, "Haya, lia sasa, wanatazama." Nikalia vizuri tu, maana nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba yeye ndiye aliyefungwa katika kifungo hiki. Mimi na baba tulinyimwa kitoweo. Yeye alinyimwa kijiji, mama yake, mawe ya pwani na mikono yake mwenyewe. Na hakuwahi kula kwa siri. Ningemtetea kama angekula.

Katikati ya miaka ya themanini tulirudi Mahajanga, tukapanga chumba Mahabibo, mitaa miwili kutoka penye majivu yetu. Nilidhani mwiko tumeuacha Nosy Be. Wapi! Mjane alikuwa na ndugu mtaani, na tulipofika wanawake wa uani walikuwa wamekwisha kututengea sufuria. Baba alinunua cherehani kuukuu na kuanza kwenda mahakamani kuomba hati ya uraia.

Kumthibitishia karani kwamba wewe ni mtu wa hapa wakati umesimama mbele yake, hapa, ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Cheti cha kuzaliwa kiliungua. Kitabu cha mwaka ule kilinyeshewa. Na hata kama angezaliwa mbele ya karani, isingetosha, kwa sababu uraia ulifuata damu ya baba wala haukufuata mahali. Baba akaapa kwamba baba yake alikuwa mtu wa pwani hii hii. Marehemu hawaulizwi lafudhi. Karani akasema alete watu wazima wawili waje kula yamini. Wa kwanza alikuwa yule mteja wa Boanamary. Wa pili alikuja kwa meli kutoka Nosy Be, amevaa nguo yake ya Idi: mjane.

Sisi tulikaa kwenye benchi la nyuma, mimi na Koko. Baba alimsihi asifungue kinywa, kwa sababu Kimalagasi chake kilinukia Ngazidja kutoka mbali. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, mwenye mafua. Alimwuliza mjane anajuaje kwamba huyu mwombaji ni Mmalagasi wa asili.

"Hali pweza," mjane akasema.

Hakimu akaacha kupenga kamasi. "Toka lini?"

"Toka babu wa babu yake."

Ningeapa kwamba hapo ndipo kesi ilipokwisha. Hakimu aliziweka kando karatasi za karani, akamgeukia baba, akasema kwao wao hawali mbuni wa majini au ndege gani sijui, na kwamba angependa kusikia asili ya jambo hili. Baba akasimama, akatoa hadithi nzima, na papa wake, na sanda yake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alipofika kwenye mikono minane iliyomfunga babu kwenye jiwe, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Saba."

Alikuwa Koko.

"Mikono saba," akasema kwa Kimalagasi chake kile. "Mmoja papa alikuwa ameshaukata. Unasahau kila siku."

Baba akamtazama mama yake kwa macho ya kondoo. Hakimu akamwuliza baba, "Na huyu mzee ni nani?"

"Mama yangu, mheshimiwa. Yeye… yeye ameolewa tu katika ukoo."

Hakimu akaandika: saba. Nilimwona kwa macho yangu. Koko aliinamisha kichwa, akapanga kanga yake juu ya magoti, na hakusema tena.

Hati ilitoka baada ya wiki kadhaa, ina mihuri miwili na jina la baba limekosewa herufi moja, kosa ambalo tuliamua kuliheshimu. Baba aliivalisha plastiki. Siku hiyohiyo, mchana kweupe, alirudi na mkoba wake wa vitambaa umevimba, akafunga mlango, akafunga madirisha, akaziba ufa wa chini kwa suruali ya mteja. Ndani ya mkoba, chini ya khaki mita mbili, alikuwemo pweza.

Baba alikuwa hajapika maishani mwake. Alimchemsha pweza yule, akakuna nazi mpaka akajikwaruza kidole, akakamua tui kwa kitambaa safi cha bitana. Joto lilikuwa halivumiliki. Tulikuwa tunatokwa na jasho na kucheka bila sauti, tumejifungia na kosa letu, mimi na umri wangu wa miaka ishirini nimeziba mdomo kwa mto. Sikumbuki kumwona baba na furaha namna ile, kabla wala baadaye. Akapakua sahani, ya kwanza, yenye minyiri minene, akaiweka mbele ya mama yake. Akaleta maji. Koko akanawa mkono taratibu, kidole kwa kidole.

"Iko wapi karatasi?" akauliza.

Baba akaileta.

"Nisomee."

Akamsomea Kifaransa chake chote, kisha akamweleza kwa Kingazidja: jina lake, jina langu kama mwanawe, na kwamba sisi ni raia kwa damu, sisi na watakaotufuata. Koko akasubiri. Alidhani bado kuna ukurasa.

"Na mimi?"

"Mama," baba akasema, "wewe ulizaliwa Ngazidja. Wanafuata damu ya baba. Wewe haikuwezekana. Lakini uko na sisi, hakuna atakayekuuliza."

"Walituuliza mara ya kwanza."

Baba akaiweka karatasi juu ya mkeka.

"Wakija tena," Koko akasema, wala hakuwa amekasirika, alikuwa anapanga mambo kama anayefungasha, "wewe utawaonyesha karatasi. Na huyu mtoto atawaonyesha karatasi. Mimi nitawaonyesha nini?" Akaisogeza sahani mbele kwa mgongo wa mkono aliokuwa amekwisha kuunawa. "Mimi nitawaambia sili pweza. Kuleni nyinyi. Nyinyi mnayo karatasi."

Hatukula. Baba alilia kama mtoto, tui likaganda. Alasiri tulimzika pweza uani, na kwa kuwa majirani walikuwa wanachungulia, baba alilazimika kuwaeleza kwamba amemwokota sokoni na hakuweza kumwacha aliwe. Walikuja wote. Mmoja alileta kipande cha kitambaa cheupe, cha upana maradufu. Nilitaka kucheka, kicheko kikanikaa hapa kifuani na bado kipo.

Koko alifariki miaka mitatu baadaye, Ijumaa, chumbani mle mle. Mpaka siku yake ya mwisho hakumla pweza, na baba hakuacha kwenda mahakamani kuulizia kama kuna njia yoyote ya kumpatia naye karatasi. Karani alimjua mpaka wakawa wanasalimiana habari za watoto. Njia haikuwepo.

Baada ya mazishi wanawake wa mtaa walikuja na sufuria zao kupikia waombolezaji. Kabla ya kuwasha moto, yule aliye mkubwa wao, mgeni aliyehamia mtaani juzijuzi na asiyejua habari zetu, alimfuata baba pale alipokuwa ameketi juu ya mkeka, akamwuliza kwa adabu kama inavyopasa, ili wasije wakamkosea maiti.

"Marehemu mwiko wake ulikuwa nini?"

Baba alitazama dari. Alitazama mlango.

"Pweza," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.